Mayai Yaliyosafiri Usingizini

Watu wakisimulia historia ya hariri hupenda habari za wizi. Kuna binti mfalme aliyeficha mayai ya nondo nywelini akipelekwa kuolewa Khotan, na kuna watawa waliomletea Kaisari Justinian siri ya Wachina. Mimi nimeshughulika na mayai ya nondo wa hariri sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, kwanza maabara, sasa kwenye banda langu mwenyewe upande wa Murang'a, na kila nikizisikia hadithi hizo swali langu ni lile lile: huyo aliyeyabeba aliyatunza vipi njiani? Kuiba kunaweza kuwa kazi ya usiku mmoja. Kuyafikisha mayai yakiwa hai ni kazi ya miezi, na historia ya kazi hiyo ndiyo inayonivutia.

Yai lenyewe ni dogo kuliko punje ya ulezi. Likitagwa huwa la njano, na kama ni la mbegu inayolala, baada ya siku chache hugeuka kijivu cha kukoza. Kilichomo ndani kimesimama kukua, lakini kinapumua. Ukilifungia penye kukosa hewa litakufa. Ukiliweka penye unyevunyevu litaota ukungu. Na usingizi wake hauvunjwi na joto peke yake: lazima kwanza lipitiwe na baridi kwa wiki nyingi, ndipo joto likija baadaye kiwavi aanze kujijenga, na kwenye nyuzijoto 25 atoke baada ya siku kumi hadi kumi na mbili. Kwa hiyo yai lililotagwa Julai linaweza kusafirishwa Oktoba kwa utulivu kiasi. Likishamaliza baridi yake, mambo yanageuka. Siku mbili za joto njiani zinatosha kuharibu msimu mzima wa mkulima.

Ukilijua hilo, zile hadithi za kale unazisikiliza kwa sikio jingine. Procopius, aliyeishi zama hizo hizo, anaeleza kwamba watawa waliokuwa wamekaa nchi aliyoiita Serinda walikwenda kwa Justinian, mnamo mwaka 552, wakarudi walikotoka na kuyaleta mayai, kisha yakafunikwa kwa samadi yapate joto mpaka yakaanguliwa. Mwandishi mwingine, Theophanes wa Bizanti, anamtaja Mwajemi aliyeyabeba ndani ya fimbo yenye uwazi. Wasimulizi wa baadaye wamezichanganya habari hizi mbili, na leo karibu kila mtu atakuambia kwamba watawa ndio waliokuwa na fimbo. Kwangu mimi ushahidi wenye uzito ni ile samadi. Samadi inayooza hutoa joto la taratibu lisilopanda na kushuka ovyo, na yai linaloamka linataka hasa joto la namna hiyo. Mtu asiyewahi kuona mayai yakianguliwa asingeibuni habari hiyo.

Habari ya binti mfalme iliandikwa na Xuanzang, mtawa wa Kichina aliyesafiri katika karne ya 7. Aurel Stein alifukua ubao uliochorwa huko Dandan Oilik, ambao sasa uko British Museum, na juu yake mtumishi ananyosha kidole kuelekea kilemba cha mwanamke. Ni mchoro mzuri sana. Lakini kichwa cha mtu kina joto, na msafara ule ulipita jangwani. Kama mayai yale yalifika salama, basi yalikuwa bado hayajapata baridi yake, au bibi harusi alisafiri wakati wa barafu na kilemba akakivua usiku.

Huku kwetu pwani hariri ilikuja ikiwa nyuzi na vitambaa. Wafumaji wa Pate, waliosifika katika karne ya 16 na ya 17, walivifumua vitambaa vya hariri vilivyotoka ng'ambo, nyuzi wakazifuma upya kwa mitindo yao. Mayai hayakuwa bidhaa ya majahazi. Yai la mbegu inayolala lisingepata mwambao huu baridi ya kulikamilisha.

Usafirishaji wa mayai uligeuka biashara kubwa ya dunia katikati ya karne ya 19, na kilichouanzisha ni ugonjwa. Viwavi wa Ufaransa ya kusini walianza kutokwa na madoa meusi, wakaacha kula, wakashindwa kujivua ngozi. Ugonjwa huo ndio pebrini. Mwaka 1853 Ufaransa ilivuna kiasi cha tani 26,000 za vifuko vya hariri. Mwaka 1865 zilibaki tani 4,000. Katika milima ya Cévennes familia zilizoishi kwa mforosadi, mti ambao majani yake ndiyo chakula cha viwavi hawa, zilikosa la kufanya. Ubaya wa pebrini ni kwamba mama humwambukiza mtoto ndani ya yai. Mkulima ananunua mayai yanayopendeza kwa macho, anayalaza, anayaamsha, anakata majani wiki nzima, kisha anaona banda lote linateketea.

Basi wafanyabiashara wakaanza kutafuta mayai mbali na nyumbani. Walianza na nchi jirani, wakaenda Anatolia, wakafika Kaukazi, na kila walikonunua, baada ya misimu michache na huko ugonjwa ukawa umeingia. Mwaka 1863 Waitaliano watatu, Modesto Gavazzi, Ferdinando Meazza na Pompeo Litta, walifika Bukhara wakitafuta mayai, emiri akawatia gerezani, wasitoke mpaka mwaka uliofuata baada ya Warusi kuingilia kati. Meazza alipopata uhuru hakuiacha kazi. Alikwenda Japani.

Japani ndiyo ilikuwa nchi kubwa ya hariri iliyobaki na mayai mazima, na Wajapani walikuwa na namna ya kuyasafirisha ambayo hadi leo naiona kuwa kazi ya akili nyingi: kadi. Ilikuwa karatasi nene iliyotengenezwa kwa maganda ya kozo, mti wa ukoo wa mforosadi. Nondo majike walipangwa juu yake wakataga, kila mmoja mayai mia tatu hadi mia tano, na gundi inayotoka na yai ikaligandisha pale pale kwenye karatasi. Hakuna aliyeyashika mayai wala kuyamimina. Kadi moja ilibeba kiasi cha gramu 25, yaani maelfu kwa maelfu ya mayai, kila moja likiwa na nafasi yake na hewa yake. Nyuma ya kadi palipigwa mihuri. Ukiigusa kadi ya mayai kwa ncha ya kidole unahisi ukwaru mdogo wa sare, na palipokufa mayai kidole kinakuambia, kwa sababu yai lililokufa hubonyea katikati.

Mwaka 1865 Shogun Tokugawa Iemochi alimpelekea Napoleon wa Tatu kadi 15,000 ziwe zawadi, na mfalme yule akajibu kwa farasi 26 wa Kiarabu, waliofika Japani mwaka 1867. Sina mfano mwingine wa mayai ya mdudu kubadilishana heshima na farasi wa mfalme. Katika miaka ile bandari ya Yokohama ilisafirisha kadi zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na wanunuzi wakubwa walikuwa Waitaliano, watu wa Lombardia na Piemonte, ambao kwao kazi hii ilikuwa na jina lake, semaio, mtu wa mbegu. Mmoja wao, Pompeo Mazzocchi wa Coccaglio karibu na Brescia, alikwenda Japani na kurudi tena na tena katika miaka ya 1860 na 1870.

Mwaka wa semaio ulifuata usingizi wa yai. Alifika Yokohama wakati wa kiangazi, kadi zikiwa zinaanza kushuka kutoka milimani. Mgeni hakuruhusiwa kwenda mbali na bandari, kwa hiyo alinunua mayai ambayo mabanda yake hakuyaona, na hofu yake kubwa ilikuwa kuuziwa mbegu ya vizazi viwili kwa mwaka kwa bei ya ile ya kizazi kimoja, maana kwa macho hayatofautiani. Ndiyo sababu safari ya Juni 1869 ilikuwa jambo kubwa: balozi wa Italia, de La Tour, pamoja na mkewe, Meazza na wenzao wachache walipewa ruhusa ya kuingia bara mpaka Maebashi kutazama viwavi wenyewe wakilishwa. Pietro Savio, aliyekuwa pamoja nao, aliandika kitabu juu ya safari hiyo mwaka uliofuata.

Vuli ilipofika kadi zilipangwa ndani ya masanduku kwa kuachiana nafasi, zisigusane, hewa ipite. Melini zilitafutiwa mahali pakavu, mbali na tanuru na mabomba ya mvuke. Njia ya kwanza ilipita Hong Kong, Singapore, Galle, Aden, kisha Bahari ya Shamu mpaka Suez, na kabla ya mfereji kufunguliwa masanduku yalishushwa, yakapakiwa kwenye treni kuvuka Misri, yakapakiwa tena melini Alexandria. Anayejua joto la Aden, na watu wa pwani yetu wanalijua kwa karne nyingi, ataelewa kwa nini semaio alikosa usingizi huko. Aliogopa joto, na zaidi ya joto aliogopa jasho la shehena: unyevu ukitanda ndani ya sanduku lililofungwa, kadi zinachacha.

Mwaka 1869 ulileta mambo mawili kwa mpigo. Mwezi Mei reli iliyounganisha pande mbili za Marekani ilikamilika, na Novemba mfereji wa Suez ukafunguliwa. Ungedhani wote wangekimbilia Suez. Wengi walichagua Marekani. Kutoka Yokohama walivuka Pasifiki mpaka San Francisco, wakapanda treni kupita milima yenye theluji hadi New York, wakavuka Atlantiki. Ilikuwa njia ndefu kwenye ramani, na ilivuka bara zima kwa behewa, lakini ilikaa kwenye ubaridi toka mwanzo mpaka mwisho, na semaio alipima umbali wake kwa kipimajoto. Huo ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote katika historia hii. Watu wale walizunguka upande wa pili wa dunia kwa ajili ya nyuzijoto chache.

Kadi zilifika nyumbani wakati wa baridi, zikatundikwa vyumba visivyo na moto. Aprili, mforosadi ulipochipua, wanawake wa Italia waliyatia mayai kwenye vifuko vidogo vya kitambaa wakayavaa kifuani, na usiku wakalala nayo, mpaka yakaanza kubadilika rangi. Meli, treni, mihuri ya serikali, yote yaliishia kwenye kifua cha mama mmoja wa kijijini ambaye vitabu havina jina lake.

Biashara ile haikudumu. Mwaka 1874 kadi zilikuwa nyingi kupita wanunuzi, na kule Yokohama zaidi ya laki nne zilinunuliwa na kuchomwa moto ili bei isianguke kabisa. Lakini kilichoiua hasa kilikuwa hadubini.

Louis Pasteur alipelekwa Alès mwaka 1865 kwa ombi la mwalimu wake, Jean-Baptiste Dumas, bila kujua lolote kuhusu viwavi. Katika miaka hiyo alifiwa na baba yake na mabinti wawili, na Oktoba 1868 akapatwa na kiharusi. Aliendelea kufanya kazi. Njia aliyoifikia nimeifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na haijabadilika sana. Kila nondo jike anatengwa atage peke yake. Akimaliza anatiwa kwenye kinu kidogo na matone ya maji, anasagwa, na tone la uji ule linawekwa kwenye kioo. Chini ya hadubini vijidudu vya pebrini vinaonekana: viduara virefu vinavyong'aa, laini, vya ukubwa mmoja, na ukishaviona mara moja hutavichanganya na matone ya mafuta yanayoelea kando yake. Ukivikuta, mayai ya mama yule yanachomwa. Usipovikuta, mayai ni safi. Mwaka 1866 Pasteur alitazama nondo wa mafungu kumi na manne ya mayai, akaandika utabiri wake, akaufunga kwenye bahasha na kumkabidhi meya wa Saint-Hippolyte-du-Fort. Msimu uliofuata bahasha ikafunguliwa. Mafungu kumi na mawili yalikuwa yamekwenda kama alivyoandika.

Kuanzia hapo mkulima wa Lombardia hakuhitaji tena kuvuka bahari mbili kutafuta afya. Aliweza kuipata nyumbani. Guido Susani alianzisha huko Brianza nyumba kubwa ya mayai, ambamo wanawake walikaa kwenye hadubini wakipima mama mmoja mmoja. Safari za Yokohama zikapungua mwaka hadi mwaka. Ninapowafundisha vijana, hapa ndipo ninapokaa muda mrefu, kwa sababu wengi wanadhani usalama wa mayai ni boksi zuri. Semaio alikuwa na boksi zuri. Mayai aliyonunua Anatolia na Kaukazi aliyasafirisha vizuri, na ugonjwa ukafika vizuri vile vile.

Wajapani nao walisonga mbele. Katika milima ya Gunma kuna mahali panaitwa Arafune, ambapo hewa baridi hutoka kati ya mawe hata kiangazi. Niwaya Seitaro na mwanawe Senju, aliyekuwa amesoma shule ya hariri ya Takayama-sha, walijenga ghala la mayai juu ya pumzi ile ya mlima kuanzia mwaka 1905. Kadi zilitumwa kutoka pembe zote za Japani, na hata Korea, zikahifadhiwa pale usingizini na kutolewa wakati mkulima alipotaka kufuga kiangazi au vuli. Hapakuwa na mashine, isipokuwa kuta za mawe, milango na watu wanaosoma kipimajoto. Tangu mwaka 2014 Arafune imo kwenye orodha ya urithi wa dunia pamoja na kiwanda cha hariri cha Tomioka. Karibu miaka hiyo hiyo ya ujenzi, Toyama Kametaro alionyesha kwamba chotara wa nondo wa hariri wana nguvu kuliko wazazi wao. Tangu chotara waenee, mkulima hawezi kujitunzia mbegu. Kila msimu lazima mayai mapya yasafiri kwenda kwake.

Ndivyo ilivyo kwetu pia. Kenya ina kituo cha utafiti wa hariri Thika, na ICIPE, taasisi ya wadudu aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, imefundisha wakulima ufugaji huu kutoka makao yake ya Kasarani. Mforosadi wetu hauchagui mwezi wa kuchipua. Shida ni kwamba hatuna baridi ya kuyalaza mayai na kuyaamsha, kwa hiyo tunatumia friji, au asidi: siku moja baada ya kutagwa, mayai yanatumbukizwa kwenye asidi ya hidrokloriki iliyopashwa hadi nyuzijoto 46, dakika tano hivi, kisha yanaoshwa sana. Yai hilo halilali. Linakwenda moja kwa moja hadi kuanguliwa, na mimi niliye Murang'a nina siku kumi tu za kulifikisha Siaya au Kwale. Semaio alikuwa na miezi sita.

Msimu mmoja boksi la mayai 20,000 lilikaa mwisho wa juma zima kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, chini ya bati, kando ya madumu ya dawa ya kunyunyizia kahawa. Mama aliyeyangoja alinipigia simu Jumatatu: "Mwalimu, wametoka wote, na wote wamekufa." Alikuwa ameshakata majani ya kwanza, yale laini ya juu, na unyoya wa kuku wa kuwapangusia viwavi wachanga alikuwa nao mkononi. Niliumia naye, na bado naumia nikikumbuka, kwa sababu kila alichotakiwa kufanya yule mama alikuwa amekifanya.

Sasa wafugaji wa wadudu wengine wanakuja kwangu na maswali yale yale. Wa nzi askari weusi, wanaolisha kuku kwa mabuu, wanakusanya mayai kwenye vipande vya mbao vyenye nyufa, na yai la nzi huyo linaanguliwa baada ya siku nne hivi. Hapo hata kulala stendi usiku mmoja ni hatari. Wa nyenje, walioanza Bondo na kando ya ziwa, wanayabeba kwenye pamba iliyoloa, maana yai la nyenje likikauka limekwisha. Kila mdudu ana saa yake na unyevu wake. Nawaambia wasiige boksi langu. Waanze kwa kuhesabu siku za yai lao kurudi nyuma, kutoka siku ya kuanguliwa mpaka saa ya kupakia, na waulize mama wa mayai yale alipimwa na nani.

Kwenye mfuniko wa kila boksi langu naandika kwa kalamu isiyofutika: mbegu, siku ya kutagwa, saa ya asidi, matokeo ya hadubini, na mstari mmoja kwa kondakta: lisiwekwe juu ya injini, karibu na dawa wala tumbaku. Nakataa kupakia mchana. Ya Siaya yanapanda basi la usiku, yakiwa yamefungwa kwa karatasi nyeusi inayopitisha hewa na kitambaa chenye unyevu kidogo, na kabla hayajaondoka nampigia mwenye banda kumuuliza kama yuko tayari kuwa stendi kabla jua halijachomoza. Akisita, naliteremsha boksi.